Dawa mseto za mkojo kwa wenye presha: si ni HCTZ ileile tu?

Kidongekimoja #1
Habari wakuu. Nilianza presha kwa HCTZ (hidroklorothiazidi, dawa ya mkojo) peke yake, miligramu 25. Presha ilishuka vizuri, ila kipimo cha damu kikaleta potasiamu 3.1, na inatakiwa isishuke chini ya 3.5. Daktari akanihamishia kidonge chenye amiloridi na HCTZ pamoja. Binamu yangu anameza losatani yenye HCTZ. Shemeji yangu yuko kwenye triamtereni na HCTZ. Juzi tulilinganisha pakiti zetu na HCTZ imo kote.
Hoja yangu ni hii: ni dawa moja, wenye viwanda wanabadilisha rangi na jina. Kama kuna tofauti ya maana, nielimisheni. Na kama ipo, ipi bora?

Mbishi_Halali #2
Tofauti iko kwenye boksi. Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

Mfamasia_Mstaafu #3
Mleta uzi, umeona kinachofanana ukaacha kisichofanana. Mwenzake HCTZ ndani ya kidonge ndiye wa kumwangalia.
HCTZ inafanya kazi kwenye mrija wa figo, sehemu inayokaribia mwisho. Inazuia chumvi isirudi kwenye damu, chumvi ikipita maji yanaifuata. Mbele kidogo, kwenye mrija wa kukusanyia mkojo, figo inajaribu kuokoa sodiamu iliyotoroka, na inapoiokoa inatoa potasiamu. Hapo ndipo 3.1 yako ilipotoka.
Amiloridi na triamtereni zinaziba vijia vya sodiamu palepale mwishoni. Sodiamu hairudi, potasiamu haitoki. Zenyewe peke yake ni dhaifu kushusha presha, lakini zinalinda.
Spironolaktoni inafika hapohapo kwa njia nyingine, inaifungia homoni ya aldosteroni mlango. Pia ipo iliyochanganywa na HCTZ.
Losatani si dawa ya mkojo kabisa. Inazuia angiotensini, mishipa inalegea, aldosteroni inapungua, na kwa sababu hiyo potasiamu inapanda kidogo. Kwa hiyo wewe na shemeji yako mna dawa mbili za mkojo ndani ya kidonge kimoja. Binamu yako ana moja ya mkojo na moja ya mishipa. Hayo ni makundi mawili.

Bi_Mkubwa #4
Asante mfamasia. Ninayetumia triamtereni ni mimi hapa, na hakuna aliyeniambia kwamba mkojo unaweza kutoka na rangi ya buluu. Siku ya kwanza nilimwita mume wangu chooni aje ashuhudie. Akaniambia nimeanza kutoa wino.

Mbishi_Halali #5
Bi Mkubwa, usitupe, kuna watu wanatafuta wino.

TabibuKijana #6
Bi Mkubwa, rangi hiyo inajulikana na haina madhara. Cha kuangalia ni mawe ya figo, maana triamtereni inaweza kuganda na kuingia kwenye mawe. Aliyewahi kuwa na mawe amwambie daktari kabla ya kuanza.
Halafu angalieni vipimo vya dozi, msiishie kwenye majina. Moduretic ya kawaida ni amiloridi 5 na HCTZ 50. Dyazide ni triamtereni 37.5 na HCTZ 25. Maxzide inakuja ya 75 kwa 50, na nyingine 37.5 kwa 25. Hiyo HCTZ 50 ni kubwa kwa mazoea ya leo, wengi wanaanzia 12.5 au 25. Kwa hiyo ukilinganisha kidonge kizima cha Moduretic na kimoja cha losatani 50 yenye HCTZ 12.5, hujalinganisha dawa, umelinganisha dozi.

Kidongekimoja #7
Nimegeuza pakiti yangu, kweli 5 kwa 50. Ila niliambiwa nusu kidonge asubuhi. Sasa naelewa kwa nini nusu.

Mguu_Moto #8
Mmejaza ukurasa na potasiamu, jongo hamjaligusa. Dawa za jamii ya thiazidi, HCTZ ikiwemo, zinazuia asidi ya yuriki isitoke, inajikusanya, unaamka usiku dole gumba la mguu limevimba hata shuka haligusiki. Amiloridi haikuokoi hapo. Triamtereni nayo haikuokoi.
Mimi nilihamishiwa losatani, na kati ya jamii yake losatani inajulikana kwa kuitoa asidi hiyo kidogo kupitia mkojo. Kwa mwenye jongo uzi huu ungeishia hapa.

Mbishi_Halali #9
Lakini losatani yenye HCTZ si upande mmoja unatoa na upande mwingine unarudisha?

Mguu_Moto #10
Ndiyo maana daktari wangu aliondoa HCTZ kabisa, akaweka losatani na amlodipini, ya kulegeza mishipa. Soma vizuri kabla ya kubisha.

Msomaji_wa_Usiku #11
Naleta ushahidi kidogo. Uingereza kulikuwa na utafiti unaoitwa PATHWAY-3, matokeo yalitoka mwishoni mwa 2015. Walichukua watu wenye presha na dalili za kuelekea kisukari, wakawagawa: wengine amiloridi peke yake, wengine HCTZ peke yake, wengine nusu ya dozi ya kila moja kwa pamoja. Wa HCTZ sukari yao ilipanda. Wa amiloridi ilishuka. Wa mseto ilibaki ilipo, potasiamu nayo ikatulia, na presha ikashuka zaidi ya wengine.
Mleta uzi, kidonge chako kinadharauliwa kwa sababu ni cha zamani tu. Kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote vilivyotajwa hapa.

Mfamasia_Mstaafu #12
Msomaji umeuleta vizuri ila usiuvute kupita urefu wake. Walipima sukari baada ya mtu kunywa glukosi, na walipima presha. Hawakuhesabu viharusi wala vifo. Na dozi za amiloridi zilikuwa 10 hadi 20 kwa ilipokuwa peke yake, 5 hadi 10 kwenye mseto. Nusu ya kidonge cha 5 kwa 50 inakupa amiloridi 2.5 tu. Si kipimo kilekile.

Msomaji_wa_Usiku #13
Sawa mzee, lakini HCTZ ya 12.5 nayo viharusi vyake vilihesabiwa wapi? Tuwe na mizani moja.

Mfamasia_Mstaafu #14
Hapo umenibana pazuri. Ushahidi mkubwa wa kuzuia viharusi na vifo kwa thiazidi unatokana zaidi na dozi za juu kidogo, au na ndugu zake HCTZ, klorthalidoni na indapamidi.

ChumviKidogo #15
Naomba kuuliza kitu cha pembeni. Kwa nini HCTZ inapandisha sukari? Mimi ilitoka ya kawaida ikaingia ya kuangaliwa.

TabibuKijana #16
Maelezo yanayotajwa sana ni potasiamu. Kongosho linahitaji potasiamu ya kutosha ili litoe insulini vizuri, ikishuka insulini inachelewa. PATHWAY-3 inaelekea upande huo.

Nesi_wa_Zamu #17
Ila kuna wagonjwa potasiamu yao iko sawa na sukari bado inapanda. Wapo watafiti wanaosema thiazidi zinaongeza mafuta ya tumboni na kwenye ini, mwili unaanza kuikataa insulini.

Mguu_Moto #18
Na wapo wanaosema mwenye presha, kitambi na umri alikuwa anaelekea kwenye kisukari tangu zamani, kidonge kimemkuta njiani.

Msomaji_wa_Usiku #19
Hiyo ya Mguu_Moto haielezi kwa nini makundi yalitofautiana. Kwenye ALLHAT, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, baada ya miaka 4 waliopata kisukari kipya walikuwa asilimia 11.6 kwa klorthalidoni, 9.8 kwa amlodipini na 8.1 kwa lisinoprili (nayo inakandamiza angiotensini kama losatani). Wote walikuwa watu wa presha, umri uleule. Dawa ina mchango.

Mfamasia_Mstaafu #20
Na kwenye utafiti huohuo klorthalidoni haikuzidiwa na yeyote kwa mshtuko wa moyo na vifo vitokanavyo nao, na ilizishinda zote mbili kwa moyo kushindwa kazi. Sukari ilipanda na moyo haukuumia zaidi. Ndiyo maana watu bado wanabishana sukari hiyo ina uzito gani.

Kidongekimoja #21
Mnazidi kuitaja klorthalidoni. Hiyo inaingia wapi? Kwenye pakiti zetu haimo.

Msomaji_wa_Usiku #22
Ni ya ukoo wa thiazidi, inakaa mwilini muda mrefu. HCTZ nusu yake inaondoka kwa saa 6 hadi 15, klorthalidoni 40 hadi 60. Usiku HCTZ imeshalala, klorthalidoni iko kazini. Ipo iliyochanganywa na atenololi, Tenoretic. Kwa uzito ina nguvu mara moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo mseto bora ungekuwa klorthalidoni na amiloridi, basi.

TabibuKijana #23
Taratibu. Desemba 2022 ulichapishwa utafiti uliozilinganisha uso kwa uso: maveterani wa Marekani zaidi ya 13,000, wote miaka 65 na kuendelea. Klorthalidoni 12.5 au 25 dhidi ya HCTZ 25 au 50. Viharusi, mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kazi, vifo: hakuna tofauti. Potasiamu kushuka: asilimia 6.0 kwa klorthalidoni, 4.4 kwa HCTZ.

Msomaji_wa_Usiku #24
Wote walikuwa wameshazoea HCTZ kabla ya kuanza! Aliyepata madhara ya HCTZ hakuwemo kabisa. Na dozi zilipangwa zilingane, kwa hiyo presha zilibaki karibu sawa. Presha ikiwa sawa unategemea viharusi vitofautiane vipi?

Nesi_wa_Zamu #25
Au HCTZ inatosha tu, ikipewa kwa dozi ya kutosha. Hilo nalo linawezekana, ila halina mvuto wa kubishania.

Mfamasia_Mstaafu #26
Humohumo waliokwisha kupata kiharusi au mshtuko wa moyo walionekana kufaidika zaidi na klorthalidoni. Lakini ukikata matokeo vipande vidogo, kimoja hakikosi kukupendeza. Mimi sijengi nyumba juu ya kipande hicho.

Babu_Hajambo #27
Vijana, mimi nilipewa spironolaktoni juu ya dawa nyingine tatu kwa sababu presha iligoma. Ikashuka kweli. Ila matiti yalianza kuvimba na kuuma. Wajukuu wakaanza kunichungulia.

Mbishi_Halali #28
Babu, si ungetuambia mapema, uzi ungechangamka tangu ukurasa wa kwanza.

TabibuKijana #29
Pole babu. Presha isiyosikia dawa tatu, mojawapo ikiwa ya mkojo, ndiyo inayoitwa sugu, na utafiti wa PATHWAY-2 wa 2015 ulionyesha spironolaktoni inaishinda bisoprololi na doksazosini kama dawa ya nne. Matiti ni kwa sababu inagusa pia vipokezi vya homoni za kiume. Eplerenoni inachagua zaidi, tatizo hilo ni nadra kwake. Na mwaka 2025 watafiti wa Korea Kusini waliilinganisha spironolaktoni na amiloridi kwa presha sugu, amiloridi haikuachwa nyuma. Zungumza na daktari wako, usiache mwenyewe.

Babu_Hajambo #30
Nilishabadilishiwa, niko salama. Wajukuu wamehamia kwenye simu zao.

Nesi_wa_Zamu #31
Sasa niseme jambo ambalo wote mmelizunguka. Mnaogopa potasiamu kushuka, mimi kazini naogopa zaidi inayopanda. Ikishuka mtu anakuja analalamika misuli inakaza. Ikipanda anaweza asilalamike chochote, moyo ukasimama.
Nimemwona mzee figo zimechoka, yuko kwenye amiloridi na HCTZ. Akaongezewa lisinoprili mahali pengine ambako hakuna aliyeuliza anameza nini nyumbani. Akanunua mwenyewe ile chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu kwa sababu amesikia chumvi ya kawaida ni mbaya. Kisha akapata maambukizi, akapewa Septrin. Potasiamu ilikuja 6.8.
Septrin ndani yake kuna trimethoprimu, na trimethoprimu inaziba vijia vilevile vinavyozibwa na amiloridi. Ni kama kumeza amiloridi mara mbili bila kujua.

ChumviKidogo #32
Duh. Hiyo ya Septrin sijawahi kuisikia popote. Na jina langu humu nilikuwa najivunia.

Mfamasia_Mstaafu #33
Nesi amesema kweli tupu. Naongeza dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na wenzake. Ukiziweka juu ya losatani au lisinoprili pamoja na dawa ya mkojo, figo inabanwa pande tatu kwa mpigo. Hata mwenye figo nzima anaweza kuumia, hasa akiharisha au kutapika. Na anayetumia lithiamu (dawa ya magonjwa ya akili) asiguse thiazidi bila daktari kujua, inapanda kwenye damu hadi kuwa sumu.

Mguu_Moto #34
Na jongo likikushika ndiyo unakimbilia diklofenaki. Angalia mzunguko huo.

Mbishi_Halali #35
Nina swali la kweli leo, msinicheke. Mnasema dawa inatoa maji, presha inashuka. Mimi nilipoanza nilikojoa sana wiki za mwanzo, baadaye nikarudi kawaida kabisa. Uzito nao ukarudi. Lakini presha haijarudi. Kama maji yamerudi, nini kinaishikilia chini?

Mfamasia_Mstaafu #36
Swali hilo limewashughulisha wataalamu tangu klorothiazidi iingie sokoni miaka ya mwisho ya 1950, na hawajakubaliana. Ni kweli ujazo wa damu unarudi karibu na ulipokuwa. Wengi wanasema mishipa midogo inalegea polepole, ukinzani unapungua.

TabibuKijana #37
Inalegea kwa nini sasa? Wengine wanasema thiazidi zinafungua njia za potasiamu kwenye misuli ya mshipa. Wengine wanasema mshipa wenyewe unajirekebisha baada ya damu kupungua mwanzoni, kisha unabaki hivyo.

Msomaji_wa_Usiku #38
Na wapo wasiokubali kwamba maji yanarudi yote. Ukiacha dawa ghafla uzito unapanda ndani ya siku chache, maana yake kuna upungufu mdogo uliokuwepo muda wote. Tena mtu asiye na figo, aliye kwenye mashine ya kusafisha damu, thiazidi haimshushi presha. Kama ingekuwa inalegeza mishipa yenyewe moja kwa moja, ingemshusha.

Mbishi_Halali #39
Kwa hiyo hamjui.

Mfamasia_Mstaafu #40
Tunajua inashusha. Swali lako ni inashushaje.

Mpitanjia #41
Samahani naingilia. Mnaosafiri mbali na hizi dawa mnafanyaje? Mimi siku ya safari siimezi kabisa, basi halisimami ovyo.

Bi_Mkubwa #42
Mimi naisogeza, nameza nikifika. Kuruka kabisa nilikatazwa.

Nesi_wa_Zamu #43
Bi Mkubwa yuko sahihi, kuisogeza saa chache si tatizo kwa wengi. Ila msiimeze usiku wa kulala, mtaamka kila saa, na mzee akiamka gizani na kizunguzungu ndipo anapovunjika nyonga.

Babu_Hajambo #44
Na lile jambo la wanaume mbona hakuna anayelitaja? Au mnaniachia mimi tena?

TabibuKijana #45
Thiazidi zinaweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi, spironolaktoni zaidi. Presha yenyewe nayo inapunguza, kwa hiyo ni vigumu kujua nani wa kulaumiwa. Losatani na jamii yake hazina sifa hiyo mbaya. Mtu aseme kwa daktari, abadilishiwe. Wengi wanaacha dawa kimyakimya, wanarudi na kiharusi.

Mguu_Moto #46
Pia jua. Watafiti wa Denmark waliona waliotumia HCTZ kwa miaka mingi wanapata zaidi saratani za ngozi zisizo za melanoma. Ngozi nyeupe ndiyo iliyo hatarini zaidi, lakini mwenye ngozi iliyobadilika aonyeshe.

Kidongekimoja #47
Wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Ila bado hamjanijibu ipi bora. Nikihesabu humu, Msomaji anasema yangu, Mguu_Moto anasema losatani bila HCTZ, mfamasia anazunguka.

Mfamasia_Mstaafu #48
Nazunguka kwa sababu hujataja figo zako. Leta kreatinini, sukari, na kama una jongo.
Lakini kwa ambaye hana lolote la pekee, miongozo mingi inaelekea upande wa binamu yako. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliingiza dawa mseto za presha kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na zenye dawa ya mkojo ndani yake ni lisinoprili na HCTZ, pia telmisatani (ndugu ya losatani) na HCTZ. Mseto wa dawa mbili za mkojo haumo. Mantiki yake ni kushika presha sehemu mbili tofauti badala ya figo peke yake.

Msomaji_wa_Usiku #49
Na utafiti wa ACCOMPLISH wa 2008 ulionyesha benazeprili (ndugu ya lisinoprili) na amlodipini inaishinda benazeprili na HCTZ kwa matukio ya moyo. Kwa hiyo hata huo mseto wa binamu una anayeushinda.

TabibuKijana #50
Humo HCTZ ilikuwa 12.5 hadi 25. Tumerudi kwenye dozi. Wangetumia klorthalidoni ingekuwaje?

Mbishi_Halali #51
Tumerudi ukurasa wa pili jamani.

Binti_wa_Pili #52
Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Mama yangu ana miaka 82, alibadilishiwa kutoka amlodipini kwenda mseto wa perindoprili na indapamidi. Presha imekuwa nzuri sana. Ila tangu juzi amechoka, anasahau vitu, leo ameniita jina la marehemu shangazi. Tulipima wiki hii, potasiamu 4.2, kwa hiyo hapo yuko salama? Au ni umri tu?

Mfamasia_Mstaafu #53
Marahaba mwanangu. Indapamidi yenyewe ina heshima kwa umri wake. Utafiti wa HYVET wa 2008 ulikuwa wa watu wa miaka 80 na zaidi, ilipunguza vifo, na wengi waliongezewa perindoprili vilevile. Lakini potasiamu si kipimo pekee. Sodiamu yake ilikuwa ngapi?

Binti_wa_Pili #54
Naiona hapa kwenye karatasi, 124. Imewekewa nyota pembeni.

Nesi_wa_Zamu #55
Sodiamu inatakiwa 135 na kuendelea. Kwa bibi wa miaka 82 aliyeanzishiwa dawa ya mkojo karibuni na sasa anachanganyikiwa, hiyo 124 ni ya kwenda hospitali sasa hivi, si kesho. Usimpe maji mengi ukidhani unamsaidia. Nenda na karatasi hiyo na dawa zake zote, hata za maumivu.

TabibuKijana #56
Nakazia. Sodiamu kushuka hivi kunatokea zaidi kwa wanawake wazee wembamba, mara nyingi wiki za mwanzo. Kidonge cha leo kama hajameza, asimeze mpaka aonwe.

Binti_wa_Pili #57
Tunatoka. Kaka analeta gari.

Mbishi_Halali #58
Poleni sana dada. Mkifika tupe mrejesho. Wengine tusiandike hapa mpaka arudi.

Mguu_Moto #59
Wewe ndiye umeandika.